Mgomba wa Baba

Gauni lenyewe ni la maua madogo ya bluu, lina mikono ya puto, na kifuani lina doa la kahawia kubwa kama kiganja cha mtu mzima. Nililikuta chini kabisa ya sanduku la Mama, siku tulizokuwa tunagawana nguo zake baada ya msiba. Dada zangu wakacheka. Mmoja akauliza Mama alikuwa anatunza tambara la nini. Nikamwambia si tambara, nikalikunja na kulitia kwenye mkoba wangu kabla hajaongeza neno.

Utomvu wa mgomba hautoki, kila aliyekulia karibu na migomba analijua hilo. Mama alijaribu limau na chumvi, akajaribu magadi, akajaribu mafuta ya taa mpaka nyumba nzima ikanuka. Akalianika juani, akalirudia tena, na kila akilirudia doa linazidi kukolea. Mwisho akasema, "Basi, limeshinda." Sikumbuki kumsikia Mama akisema hivyo juu ya kitu kingine chochote. Kumbe hakulitupa, alikwenda kulificha.

Nataka kueleza doa hili lilivyopatikana, na nitaeleza bila kumwomba mtu radhi. Siku hizi kwenye ukoo wetu ninaitwa mbishi. Sawa. Wacha wajue ubishi huo niliutoa wapi.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu, tunakaa Tanga mjini, na Baba alikuwa anaumwa. Alikuwa na uvimbe mgongoni ambao kwanza ulizungumzwa kwa sauti ya kawaida, baadaye kwa kunong'ona, baadaye ukaacha kuzungumzwa kabisa mbele yetu watoto. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ilipoanza, Mama alimpeleka Baba hospitali kubwa Dar es Salaam. Dada zangu wakapelekwa kwa mama mdogo Muheza. Mimi, kitinda mimba, nikaambiwa ninakwenda kutembea kwa Bibi mzaa baba, kule milimani Usambara. Watu wazima wakitaka kukuficha jambo hukupa safari.

Baba ndiye aliyenipamba safari hiyo. Alikuwa amelala kwa ubavu, maana kwa mgongo hawezi, akaniambia kule ni kwenye jua zuri lisilochoma, kuna mapeasi na plamu za kuokota chini, kuna kanisa la mawe la zamani, na ukisimama mlangoni kwa Bibi unaiona dunia yote. Alisema hivyo hasa, dunia yote. Nikaenda na neno hilo moyoni. Mama alinifikisha Lushoto mjini, akanikabidhi kwa Bibi pale stendi, akashuka Mombo na gari lililofuata bila kunywa hata chai.

Kijiji cha Bibi kiko upande wa Mtae, mahali ambapo mlima unakwisha ghafla. Nyumba zimejipanga mgongoni mwa mlima, nyingine za tofali za kuchoma, nyingine za zamani za miti na udongo mwekundu, na njia inapita katikati yake, nyembamba mpaka mkikutana na mtu mwenye mzigo wa kabichi lazima mmoja apishe. Upande mmoja kuna mashamba ya ngazi, karoti na viazi. Upande wa pili hakuna kitu, kuna hewa tu, na chini kabisa kuna nyika ya Mkomazi inayokwenda mpaka milima ya Upare. Jua la Desemba linawaka pale toka asubuhi na bado unavaa sweta.

Tulifika alasiri. Nikatua begi, nikakimbia moja kwa moja mlangoni ili niione dunia yote. Nikaona migomba.

Kilikuwa kichaka kikubwa cha migomba, kimeota ukingoni kabisa mwa uwanja wa Bibi, na kati yake kulikuwa na mmoja mrefu kuliko wote, umebeba mkungu mzito na umeegemezwa kwa mti wa kuuzuia usianguke. Dunia haikuonekana hata kidogo. Nilihisi nimedanganywa, na mtoto aliyesafiri kutwa nzima hana adabu, nikamuuliza Bibi kwa hasira dunia iko wapi.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miguu mipana ya kupanda na kushuka, na hakuwa na haraka ya kujibu swali. Alinitazama kwanza.

"Iko nyuma ya baba yako," akasema, akaunyooshea kidole ule mgomba mrefu.

Kisha akanieleza, huku anafunua chungu cha makande. Baba alipozaliwa ndani ya nyumba ile, kitovu chake kilipodondoka, Bibi alikizika mwenyewe chini ya mgomba pale ukingoni. Toka siku hiyo mgomba ule ni wa Yohana, na kila mtu kijijini anauita hivyo. Akaniuliza changu kilizikwa wapi. Sikujua. Akasema watoto wa hospitali za mjini vitovu vyao vinakwenda na takataka, ndiyo maana tunahama nyumba kila mwaka. Alinipakulia makande, akaniita mame, yaani mama kwa Kishambaa, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Mimi sikuwa nimewahi kusikia habari za kuzika kitovu. Nililala na jambo lile kichwani, na asubuhi lilikuwa limeshajipanga lenyewe. Kuna kipande cha Baba ndani ya mgomba, kipande hicho ki hai, maana mgomba u hai. Baba anaumwa mgongo, na mgomba nao mgongo wake umeinama, umeegemezwa mti. Kwa akili ya mtoto hapakubaki swali. Nilijua kitu ambacho Mama alidhani amenificha, na nilijua pa kumwangalia Baba kila siku bila kwenda Dar es Salaam.

Basi nikawa muuguzi. Asubuhi kabla ya chai nilikwenda kuusalimia, shikamoo Baba, nikaungoja upepo utikise majani ili niwe nimeitikiwa. Jani likichanika nilijua amelala vibaya. Kukiwa kimya nilijua amepata usingizi. Maji ya kunawia sikuyamwaga, nilikwenda kuyamimina pale chini. Bibi aliona yote hayo akafurahi kwamba mtoto wa mjini anapenda shamba. Wala hakuniuliza, na mimi sikumwambia, kila mmoja aliamini mwenzake anajua.

Sasa nyuma ya nyumba ya Bibi, juu kidogo, palikuwa na nyumba mpya ya bati la kijani na baraza pana la saruji. Mwenyewe alikuwa Mzee Singano. Alizaliwa pale pale, akaondoka kijana kwenda Dar es Salaam, akakaa huko mpaka mvi zikamwota, kisha akarudi, akabomoa nyumba ya marehemu mama yake na kujenga nyumba ya wageni. Wageni walianza kuja, Wazungu wenye kofia na fimbo za kutembelea, wakiongozwa na vijana wa Lushoto. Walikuja kuona kijiji cha kale na kutazama nyika kutoka juu. Walipokaa kwenye baraza la Mzee Singano, walichokiona ni sisi, bati letu, kamba yetu ya nguo, na migomba.

Mzee Singano hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo ingawa nilimchukia. Alikuwa mpole, anaimba besi kanisani, na kila alipokuja kwa Bibi alikuja na kilo ya sukari. Alianza kwa shikamoo mama, akauliza afya, akauliza habari za Yohana hospitalini, kisha taratibu akafika kwenye migomba. Alisema hataki kiwanja, hataki nyumba, anaomba tu kichaka kile kiondolewe, atamletea Bibi miche mingine apande upande wa zizi. Wageni wanatoka mbali kuja kutazama nyika. Wakiridhika wataleta wenzao, barabara itatengenezwa, kijiji kitapata.

Bibi aliendelea kumenya viazi. Akamwambia wazee wao walijenga pale juu ili wakiona vumbi limeinuka nyikani wajue adui anakuja. Wao waliangalia kule kwa sababu.

"Hao wageni wako," akasema, "wanamngoja nani?"

Mzee Singano akacheka, maana alikuwa muungwana. Alipomaliza kucheka akasema tena, kwa upole ule ule, kwamba ni migomba tu.

Hapo ndipo Bibi alipoweka kisu chini. Alisema maneno ambayo yaliniingia mimi kuliko yalivyomwingia yeye. Alisema, "Yohana wangu yuko pale. Siku atakapotoka pale, na mimi nitakuwa nimeshatoka." Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua maharage, na mikono yangu iliacha kufanya kazi. Kwa hiyo Bibi naye anajua, nikawaza. Na huyu mzee wa sukari anataka kumuua Baba ili Wazungu waone vizuri.

Kuanzia siku hiyo sikuwa muuguzi tu, nikawa mlinzi pia. Vitu vyangu vyote nilivihamishia kichakani, mdoli wangu wa magunzi, daftari la kuchorea, hata sahani ya chakula. Mzee Singano akitoka barazani kwake ananiona nimekaa nimemkodolea macho. Alinipungia mkono, sikumpungia. Aliniletea peremende, nikazipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikazifukia.

Alipoona sukari haifanyi kazi, Mzee Singano alikwenda kwa wakubwa. Siku moja alikuja na mwenyekiti wa kitongoji na wazee wengine, wamevaa makoti, wakasema wamekuja kuzungumza kama majirani. Bibi aliwapokea vizuri mno. Aliwatolea vigoda, akavipanga vyote vielekee migomba, akawaomba wasianze mazungumzo kwa njaa. Akawaletea ndizi alizopika na maharage na mafuta ya samli. Walikula, wakasifu, mwenyekiti akaongeza. Walipokwisha kunawa Bibi akawaambia zile ndizi zimetoka pale pale wanapopatazama, mwaka hadi mwaka, na yule anayetaka kusema zikatwe aseme sasa wakati bado ladha iko mdomoni.

Wazee walitazamana. Mmoja akakohoa. Mwenyekiti akasema jambo lenyewe ni zito, akasema watalitazama tena Jumapili baada ya ibada. Mzee Singano alikuwa hajagusa sahani yake, na alipoondoka uso wake haukuwa wa kucheka. Mimi nilihesabu kwamba Jumapili ni keshokutwa.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na sauti ya panga likinolewa jiweni. Jua lilikuwa limeshapanda na kijiji chote kiko njiani kwenda mashambani. Nikatoka na gauni langu la maua ya bluu nililolalia. Bibi alikuwa amejifunga kanga kiunoni, panga mkononi, anakwenda ukingoni. Nikadhani anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Nikamwona anaondoa ule mti ulioegemeza mgomba wa Baba. Kisha akainua panga, akaupiga mgomba katikati ya shina.

Maji yalitoka. Yeyote aliyewahi kukata mgomba anajua yanavyotoka, meupe, mengi, yanachuruzika mpaka chini. Mgomba ukaanza kuinama polepole, na mkungu ukashuka nao. Sijui nilipiga kelele gani. Ninachojua ni kwamba nilifika, nikaukumbatia mgomba kwa mikono na miguu, utomvu ukinimwagikia kifuani, na Bibi aliponivuta kwa mkono wa kushoto nilimng'ata. Nilimng'ata kwa meno yote niliyokuwa nayo. Panga likaanguka.

"Utamuua Baba," nikasema.

Bibi hakunipiga. Alitazama mkono wake, akanitazama mimi niliyeloa utomvu, na nikaona uso wake unaelewa kitu kimoja kimoja, maji ya kunawia, shikamoo za asubuhi, mdoli kichakani. Aliketi chini pale pale kwenye majani makavu, akanivuta mapajani ingawa nilikuwa nachafua kanga yake, akaniuliza nani aliniambia mgomba ule ni Baba.

"Wewe."

Akanifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akaniambia jana jioni mchungaji alipanda kutoka Lushoto na habari ambazo yeye Bibi alizificha ili ziwe zawadi. Baba amepasuliwa, uvimbe umetolewa, anatembea na fimbo lakini anatembea, na leo jioni yeye na Mama watafika. Mkungu ule umekomaa. Alitaka Yohana akivuka kizingiti akute ndizi zake ziko jikoni.

Nikalia upya, sasa kwa sababu nyingine. Lakini mtoto mbishi hakubali kushindwa hata kwa habari njema. Nikamuuliza, kama Baba yuko kwenye basi, mle kwenye mgomba mna nini.

"Mna haki yake ya kurudi," Bibi akasema. "Mtu asiyezikwa kitovu mahali, mwenye nguvu anamwambia hama, naye anahama. Baba yako hata akifika mwisho wa dunia, hapa hawezi kuambiwa ni mgeni."

Akanionyesha chini. Pembeni ya shina lile palikuwa na machipukizi, mengine yananifikia kiunoni, mengine yametoka juzi, yamesokotwa bado. Mgomba ukishazaa hauzai tena, akasema, ukiuacha umesimama unaoza na kuwaangukia watoto wake. Unakatwa ili wao wapate jua. Mgomba aliouzikia kitovu cha Baba ulikatwa zamani, huu ulikuwa mjukuu wake au kitukuu, na bado ni ule ule.

Tulikuwa bado tumekaa chini tuliposikia viatu. Mzee Singano alikuwa ameona kila kitu kutoka barazani kwake, ila aliona kwa macho yake mwenyewe. Aliona panga limeinuliwa na mgomba umeanguka. Alikuja na vijana wake wawili, kila mmoja na panga, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli kabisa. Akasema shikamoo mama, Mungu akubariki mama, kazi hii si ya mtu wa umri wako, vijana watamalizia. Kijana mmoja hakungoja hata Bibi aitikie. Alikata chipukizi lililokuwa karibu naye, pigo moja.

Nikainuka nikasimama mbele yao. Nilikuwa mdogo, nimejaa utomvu na makamasi, na nilitanua mikono. Kijana wa pili akashusha panga lake, nadhani kwa kuona aibu zaidi kuliko kuogopa.

Bibi aliinuka kwa kujishikilia goti. Hakupaza sauti.

"Singano. Mgomba ukishazaa unafanywa nini?"

Mzee Singano alikunja uso kama mtu aliyeulizwa jina la shule yake ya kwanza. Alitazama mkungu uliolala chini, akatazama shina lililokatwa, akatazama machipukizi. Nikaona anakumbuka. Alikuwa amekaa mjini, ndizi anazinunua sokoni kwa chane, mpaka akasahau kitu ambacho mtoto wa pale wa miaka mitano anakijua.

"Unakatwa, mama," akasema.

"Basi mimi navuna. Wewe umekuja kufanya nini?"

Na angeachwa hapo ingetosha, ila Bibi yangu hakuwa mtu wa kuishia mahali panapotosha. Alimuuliza na kitovu chake yeye kiko wapi. Mzee Singano akageuka polepole, akatazama juu, kwenye baraza lake pana la saruji, na viti vyake vya wageni.

"Mama yako alichimba, mimi nilimwagia maji," Bibi akasema. "Chini ya ule mgomba wenu wa mlangoni. Pale ulipomwaga zege."

Kutoka kanisani wazee wa tarumbeta walikuwa wanafanya mazoezi ya Jumapili, wanarudia kipande kile kile wanachokikosea. Mzee Singano alisikiliza mpaka wakakipatia. Kisha akawaambia vijana wake warudi, akaondoka nyuma yao, na Jumapili baada ya ibada hakuna aliyekuja kutazama jambo lolote.

Nisije nikadanganya kwamba alibadilika akawa malaika. Aliendelea kulalamika juu ya migomba ile miaka yote, na wageni wake waliendelea kunyoosha shingo kushoto na kulia kwenye viti vyao. Lakini hakuleta panga tena. Mwaka uliofuata nilipokwenda nilikuta amepanda mgomba kwenye kona ya uwanja wake, kwenye kifusi cha ujenzi. Haukushika. Bibi alipita kila siku akautazama, akasema mgomba changaraweni haupandwi ukamea, akamng'olea chipukizi kutoka kichakani kwetu na kumwelekeza apande chini zaidi, penye udongo. Ule ukashika.

Baba alifika jioni ile na fimbo yake, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Alikula ndizi zile akiwa amekaa, mgongo umenyooka. Mama alinitazama kifua akauliza gauni limepatwa na nini, na Bibi akaficha mkono wake wenye alama za meno ndani ya kanga, akasema mtoto alikuwa anavuna. Kesho yake Baba alinishika mkono tukaingia kichakani, tukapita kati ya mashina mpaka upande wa pili, kwenye mwamba. Akaniambia haya, dunia hiyo. Ilikuwepo kweli, yote, nyekundu na bluu, na vumbi dogo linainuka mbali sana. Tulikaa mpaka jua lilipotuchosha. Hakuna mgeni wa Mzee Singano aliyewahi kukaa pale.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akazeeka, na sasa yeye na Bibi wamelala makaburi ya usharika. Mzee Singano naye yuko huko huko, mstari wa nyuma. Nyumba ya wageni imeuzwa kwa watu wenye mkono mrefu zaidi, wameongeza vyumba na kuweka vioo ukuta mzima. Mwaka huu, hata arobaini ya Mama haijafika, binamu yangu anayetunza nyumba ya Bibi alinipigia simu. Alisema wamekuja wenyewe, wana heshima, wanataka ukingo ule wajenge sehemu ya kukaa wageni. Ukoo umekaa, umekubali, nimebaki mimi tu. Akaniambia kwa upole, na upole wake niliutambua, "Dada, kwani ni nini? Ni migomba tu."

Nikamwambia hapana. Akasema hata sisi wenyewe hatuendi kule. Nikamwambia hapana. Akasema mimi siku zote ni mbishi. Nikamwambia hilo ndilo neno la kwanza la kweli alilosema toka aanze kupiga simu.

Mwezi huo huo binti yangu alijifungua, hapa Dar es Salaam, hospitali. Nikamwambia kitovu cha mtoto kikidondoka asikitupe. Aliniuliza Mama unataka kukifanyia nini, nikamwambia nipe tu. Akanipa kimefungwa ndani ya pamba. Nilikitia kwenye mkoba pamoja na lile gauni, nikapanda mpaka Lushoto, na kesho yake mpaka kwa Bibi.

Nilifika asubuhi yenye jua lile lile. Nyuma ya vioo wageni walikuwa wanakunywa chai, wengine wametoka nje na kamera. Nilivaa lile gauni shingoni kama skafu, mwili wangu hauingii tena, nikachukua jembe la binamu yangu na kwenda ukingoni. Alisimama mlangoni akanitazama. Nikachagua chipukizi linalonifikia kiunoni, nikachimba mbele ya macho yao wote, nikazika, nikamwagia maji.

Akashuka kijana aliyevaa shati lenye nembo, meneja wao, mwenye adabu nzuri. Akasema shikamoo mama, nikaitikia marahaba. Akaniuliza ninapanda nini, nikamwambia ninapanda mtu. Alicheka kidogo, akasita, kisha akasema samahani mama, wageni wanauliza hii migomba itaondolewa lini.

Nikafuta mikono kwenye gauni. Nikamwambia, "Waambie mwenye migomba ana wiki mbili tangu azaliwe. Wamsubiri akue, wamuulize mwenyewe."